Hema la Mlingoti Mmoja

3 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Kikohozi kimekwisha? Huku tu wazima, isipokuwa baba watoto. Ameng'olewa jino moja na anaugulia kama amezaa. Kazi inaendelea. Jana mwanafunzi wangu wa udereva aligonga pipa la taka, kisha akashuka akaliomba radhi.

Sasa nina shida, na shida yenyewe ni ya fani yako. Agosti tunakwenda kupiga kambi kando ya ziwa, siku nne, watu tisa: sisi na watoto wetu wanne, Kaka Mrefu na mkewe, na wewe. Wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Mimi nimetwishwa kununua hema, na dukani kuna mawili yanayotutosha. Moja ni refu lakini la kimo kifupi, lina vyumba vitatu. Jingine ni la duara, limechongoka juu kama pia iliyopinduliwa, mlingoti mmoja katikati, na ndani hakuna chumba wala pazia. Muuzaji analisifia la vyumba. Lakini wewe umeshona maturubai ya malori miaka thelathini na moja, nimsikilize yeye kwa lipi?

Mwanao,
Cherehani

11 Juni

Cherehani wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, kikohozi kilinichoka kikaenda zake. Mpe pole mwenye jino. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani.

Usinunue hema kwa kulitazama nje. Ingia ndani, mwambie muuzaji afunge mlango, kisha tazama juu. Ukiona nukta za mwanga kwenye mishono, mvua nayo itaziona. Shika mshono kwa mikono miwili uvute bila huruma. Kagua pembe kama zimewekwa kiraka mara mbili, maana turubai huanza kufa pembeni. La pamba ni zito lakini linapumua. La nailoni ni jepesi, ila asubuhi mtaamka mmelowa jasho lenu wenyewe. Na mlango unafika wapi? Nipimie.

Mimi sitakuja. Agosti nina wageni. Nendeni mkafurahi, mtanisimulia.

Mama Mdogo wako

Usisahau kupima mlango.

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Za siku? Huku jino limesahaulika, sasa analalamikia mgongo.

Nimefanya yote uliyosema. Muuzaji aliponiona navuta mshono alijishika kichwa, akaniuliza kama nimekuja kununua au kulipiza kisasi. La vyumba ni la nailoni, sikuona nukta hata moja. La duara ni la pamba, na pembe zake zina viraka viwili viwili. Mlango wa la vyumba unanifika kiunoni, unaingia umeinama. La duara unaingia umesimama wima, hata Kaka Mrefu. Watoto wanataka vyumba na wameshagombana nani alale wapi, kwa hiyo nadhani tutachukua hilo.

Ila wageni gani, Mama? Umenilea tangu nina miaka saba. Huna mgeni nisiyemjua.

Mwanao,
Cherehani

14 Julai

Cherehani,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia kujibu. Chukueni la vyumba, furaha ya watoto ndiyo ya kutazamwa. Wageni ni wageni tu. Msinisubiri.

Mama Mdogo wako

22 Julai

Mama,

Shikamoo, na salamu zimeishia hapo, maana nimekukasirikia na ninakupenda.

Barua yako ile nimeisoma tena na tena. Mtu wa maneno mengi kama wewe unaniandikia mistari mitatu? Mimi kazini natazama miguu ya watu kutwa. Basi juzi mwanafunzi mmoja alikuwa anahangaika kushuka garini, nikakumbuka Desemba tulipokuja kwako. Ulitupokea umekaa. Sindano ilipoanguka ulimwita mjukuu aiokote. Hata kutuaga ulituaga kitini. Na huo mlango umeniuliza mara mbili katika barua moja. Wageni wako ni magoti, Mama. Nimekosea?

La vyumba nimeliacha dukani, nimenunua la duara. Watoto walinuna, nikawakalisha nikawaeleza habari za nguzo. Kumbe nilikuwa sijawahi kuwaambia. Niliwaambia kwamba Baba alipofariki wewe ulikuwa umeolewa naye mwaka mmoja na miezi miwili tu. Ndugu walikuja kutugawa, mimi huku, Kaka kule. Ukawatokea na mkasi wa turubai mkononi ukasema, "Hawa si kitambaa." Wakaondoka. Na mvua zilipotaka kuliangusha paa la chumba chetu kimoja, ukasimika nguzo katikati, tukawa tunalala sote watatu miguu ikielekea nguzo. Radi ikinitisha nilikuwa nanyoosha mguu mpaka niguse wako. Nilipomaliza, yule mdogo akauliza kama na kwenye hema tutalala hivyo hivyo.

Sijawahi kukushukuru kwa maandishi. Asante, Mama. Asante kwa nguzo na kwa mkasi. Wewe saini upendavyo, sisi tunasoma Mama.

Utaingia umesimama. Kitanda cha kukunja tumekutafutia, na ukitaka kuinuka utashika mlingoti.

Mwanao,
Cherehani

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia, kisha nimecheka, kisha nikaenda kunawa uso kwa sababu jirani alikuwa anabisha hodi.

Hujakosea. Ni magoti yote mawili, la kulia ndilo lenye jeuri zaidi. Sikutaka wajukuu wamwone bibi yao anaingia kwa kutambaa, halafu watu wawili wamvute kumtoa kama gunia. Nikaona heri niwe na wageni. Ujinga mtupu, lakini aibu haina akili.

Na habari ya mkasi, usinipambe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, natetemeka. Mkasi nilikuwa nao kwa kuwa nilikuwa nakata turubai la mtu. Niliwaza kitu kimoja tu: wakiwachukua hawa, mimi nitabaki na nani? Kwa hiyo shukrani ni zangu kwenu, na nimechelewa kuzitoa kuliko wewe.

Nimeitoa mashine stoo nikaitia mafuta. Kuna kipande cha turubai nilichokiweka siku niliyostaafu, nikiwa sijui nakiwekea nini. Nataka kuushonea mlingoti wenu koti, mkono usiteleze nikiinuka. Nahitaji kujua unene wake, lakini safari hii usinipimie. Nimeacha upande mmoja bila kuushona. Nakuja Jumamosi na uzi wangu, nitapima mwenyewe.

Mama