Saa Moja Toka Addis Ababa hadi Gondar

Gondar

Kwa Shangazi yangu mpenzi Wubalem,

Salamu nyingi zikufikie huko Debre Tabor. Goti linaendeleaje? Majirani bado wanakuja kunywa kahawa kwako, au wamekuacha peke yako? Sisi huku tu wazima, ila nyumba ya baba imekuwa pana mno. Dada Ayalnesh anakula vizuri, na mtoto tumboni anacheza.

Shangazi, nasikia unanisifu hadi kanisani kwamba kinywa changu kina kufuli. Sifa hizo zinanichoma, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Unakumbuka ulivyonituma. Baba tulikuwa tumeshamzika, na Ayalnesh kule Addis Ababa alijua tu kwamba baba anaumwa. Ulisema habari ya kifo haipigiwi simu. Mtu huambiwa alfajiri, nyumbani kwao, ndugu wakiwa tayari kumshika, sembuse mwenye mimba. Nikasema nitamleta kwa basi. Ukanikaripia kwamba kutwa nzima barabarani angenisoma machoni kabla hatujavuka Mto Abay; tupande ndege, saa moja tu, hata mropokaji kama mimi ataiweza. Ukanivua nguo nyeusi kwa mikono yako, ukanifunga kitambaa chekundu kichwani.

Saa moja, Shangazi! Sijaona saa ndefu kama ile. Ayalnesh alikuwa amepakata shuka zito jeupe alilomnunulia baba, akaniuliza kama bado anakataa dawa bila asali. Nikajibu ndiyo, mkaidi ni yuleyule. Akacheka, akasema akifika atamkalia kooni mpaka ameze. Mimi nikafumba macho, nikasingizia kuogopa ndege.

Sasa nikwambie. Tulisahau nywele. Siku ya mazishi nilinyoa, kama binti yeyote aliyefiwa. Juu ya milima ndege ikatikisika, kitambaa kikateleza, naye akanyoosha mkono kunifunga kama alivyozoea tulipokuwa wadogo. Vidole vyake vikagusa kichwa kitupu, vikakaa hapohapo.

Nilitaka kusema, akanizuia. Akauliza tumebakiza muda gani. Nikasema nusu saa. Akasema basi nisimwambie kitu, nimwachie baba kwa hiyo nusu saa.

Akaendelea kumzungumzia, asali yake, ubishi wake, jina atakalompa mjukuu, mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Ndipo akanibana mkono hadi kucha zikaniingia. Jioni ulipomwambia baba kalazwa hospitali, aliitikia kwa utulivu. Aliniomba ninyamaze, kwani nawe ulikuwa umefiwa na kaka, asingependa uone umeshindwa kumlinda.

Kwa hiyo kile kilio cha alfajiri kilikuwa cha kweli, ila habari haikuwa mpya. Usinikasirikie. Mikono ya kumshika ilikuwepo hata kule juu, ingawa ilikuwa miwili tu.

Ayalnesh anakusalimu sana. Hajui nimeandika haya. Lile shuka la baba amesema ulichukue wewe, baridi ya huko ni kali. Nimelifunga pamoja na barua hii. Jifunike, Shangazi.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Yeshihareg