Ruta Mpya Imetuletea Mgeni

Baba Watoto, na nyie wanangu,

Ruta mpya ya intaneti iko juu ya kabati la sebuleni. Msiishushe, wala mtu asiifunike kitambaa! Neno la siri nimelibandika kwenye friji.

Mlipotoka tu asubuhi, dada yenu akapiga simu ya video kutoka hospitali kule ng'ambo. Amejifungua! Mtoto wa kike! Nikakimbilia chumba cha nyuma kwa Bibi na simu mkononi, maana hawezi kuinuka. Ile ruta ya zamani ilikuwa haivuki hata ukuta wa jikoni. Hii imevuka kuta zote, na picha haikukwama hata kidogo. Mtoto akapiga miayo. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili: "Karibu, mke mwenzangu!" Akacheka mpaka akalia.

Baba Watoto, wewe uliyeng'ang'ania ile yenye antena kama pembe na kunicheka mbele ya muuzaji, umesikia? Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu: inafika chumba cha nyuma? Akasema nijaribu, ikishindwa niirudishe. Hairudi ng'o.

~~Leo msimpigie dada yenu, amechoka.~~ Mpigieni, anawasubiri. Ila kaeni wote kitandani kwa Bibi, na michezo ya kompyuta izimwe kwanza. Chakula kipo, pasheni.

Nimekwenda kazini na viatu visivyofanana. Nimeona, na sibadilishi.

Mama,
na tangu leo, bibi wa mtu!