Yaya, Wamekunyang'anya Msalaba wa Shaba

"Ile ilikuwa pesa ya wapagani. Haikuwa msalaba hata siku moja."

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, ndivyo mchungaji wetu alivyosema mbele ya jeneza lako, baada ya kuingiza mkono na kuuondoa kifuani mwako ule msalaba wa shaba niliokuwekea. Nilifungua mdomo nimjibu. Mke wako akanishika mkono: "Shemeji, leo hapana. Acha tumuzike." Tukakuzika bila msalaba. Jibu nililolimeza siku ile nalitoa sasa, kwako kwanza.

Ni kweli, ilikuwa pesa. Sibishi. Wazee wetu wa Katanga walimimina shaba katika umbo lile la mikono minne iliyotanuka kama herufi X, kabla padri yeyote hajafika, na hadi leo ndiyo nembo ya kwetu. Hawakumjua Kristo, na sitawasingizia. Lakini mchungaji anadhani akishasema "pesa" mjadala umekwisha, kumbe ndiyo kwanza unaanza. Pesa ya kulipia nini? Msalaba huu ulifika nyumbani kwetu baada ya ukoo mwingine kumuua kaka yake babu. Walikuja wakaulaza miguuni pa babu. Babu akauokota, na damu ikakoma. Hakuna aliyelipiza tena. Sasa nauliza: Mkristo anayeimba kila Jumapili kwamba alikombolewa msalabani anaona nini cha kishetani hapo?

Wewe uliliona hilo kabla yangu. Uliutundika msalaba juu ya kioo, pale saluni yako ya mtaa wa Point, huku ugenini. Unamkumbuka yule mwanafunzi Mkenya wa mtaa wa Glenwood? "Mzee, hiyo alama ya nini, ama ulifeli hesabu?" Hukuinua hata mashine kichwani mwake. "Kijana, msalaba ya wengine inasimama. Ya kwetu iko natembea. Angalia miguu." Akacheka mpaka ukamkata vibaya nyuma ya sikio, ukamnyoa bure. Nimesoma vitabu vingi juu ya msalaba, Yaya, na hakuna kilichonishika kama neno lako lile, ulilomwambia mtu aliyefunikwa shuka la kinyozi, katika chumba kilichojaa watu waliotembea kutoka kwao hadi hapa.

Mke wako amefungua tena saluni. Msumari wa juu ya kioo uko mtupu. Wateja wanautazama, kisha wanatazama simu zao.

Kuna jambo linaloninyima raha. Kama shaba ile ni ya shetani, babu yuko wapi leo, yeye aliyeipokea akaacha kisasi? Mchungaji anajua, alisema waziwazi kwamba yuko motoni. Mimi sijui. Nabishana kwa sauti ya mtu mwenye hakika, lakini hapo nakwama, na wewe ndiye niliyezoea kukuuliza.

Wiki iliyopita nilipata habari kwamba msalaba wako umefungiwa kwenye kabati la kanisa, na kwamba wazee wamekubaliana kuupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Eish, Yaya. Wanaukataa kwa kuwa ulikuwa pesa, halafu wanataka kuugeuza pesa.

Jumamosi tunajenga kaburi lako. Nimemwambia fundi aache kwenye saruji nafasi yenye umbo lile, mikono minne, na ameshaichora. Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi hiki kimoja: nafasi hiyo haitazibwa kwa kitu kingine nikiwa hai. Ikibidi ibaki tundu, itabaki tundu, na kila apitaye ataniuliza, nami nitamjibu.

Na ninyi wazee wa kanisa, nakala ya barua hii mnayo mkononi kwa sababu ufunguo wa kabati mnao ninyi. Fungueni. Sitaki utumwe kwangu kwa mtu, wala msiniachie mlangoni. Jumamosi njooni makaburini ninyi wenyewe, mchungaji akiwa mbele, muulaze msalaba huo miguuni pa mjane wa ndugu yangu, kama ule ukoo ulivyofanya kwa babu. Kisha simameni mbele yake mngoje, mwone kama atauokota.