Mlinzi wa Pili wa Bi Mdogo

Jumanne, 7 Oktoba
Bi Mdogo kapatwa na jambo. Si mke mwenza — Mungu aniepushe! Ni ile sauti ya kike inayomsomea mume wangu yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, maana macho yake yalizima zamani. Jina kampa yeye, ili anichokoze. Kwenye meza ya simu hospitalini, kazini kwa mume wangu, humnong'oneza sikioni daktari gani yuko zamu, naye anawaunganisha wanaopiga. Sasa Jumatatu wanabadilishiwa kompyuta zote. Leo fundi wao kamjaribu Bi Mdogo kwenye mashine mpya. Bubu kabisa.

Msimamizi kasema, eti kwa upole, asiposomewa basi aende stoo akakunje shuka. Mume wangu kanisimulia huku anacheka. Chakula hakugusa.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeandika kwenye kundi la watengenezaji wa Bi Mdogo. Programu hii ni ya bure, haina kampuni. Waliitengeneza watu wa kujitolea, kila mtu na kipande chake, na maandishi yanayoiendesha yako wazi, yeyote aone. Kazi yangu mimi ni kusikiliza tu. Cherehani inakwenda, sikio liko kwake. Akitamka vibaya naripoti. Zamani ukiuliza jambo asubuhi, adhuhuri majibu yamejaa, na ugomvi juu! Leo kajibu mmoja, Mhandisi, aliye ng'ambo. Dada, tumebaki mimi na wewe, kasema. Wengine wamepata kazi, wamepata watoto, wamechoka kutukanwa.

Nikamwandikia: tutawarudisha. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimewaandikia wa zamani mmoja mmoja. Si tangazo — salamu. Mmoja wao, mwalimu, nimemuuliza hali ya mama yake. Wawili wamejibu kwa mapenzi, ila kurudi hawawezi. Mwanzilishi, tunayemwita Babu, hakujibu. Aliondoka na hasira zake. Walimsema anachelewesha kazi, eti anasoma mstari kwa mstari kama anatafuta chawa.

Alasiri — sikuamini! Katokea mtu mgeni, anajiita Jirani, kaleta marekebisho kamili. Mhandisi kanitumia nijaribu, nami nikaazima kompyuta mpya kama zile za hospitali. Bi Mdogo kasema! Mume wangu kaja mbio nusura aangushe cherehani. "Karudi mwanamke!" Nikamchapa na kitambaa. Alhamdulillah.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kumbe bado. Kuna sheria yao: marekebisho hayaingii kwenye programu yenyewe mpaka walinzi wawili wayasome na wabonyeze "Nakubali". Hapo ndipo yanawafikia watumiaji wote. Na fundi wa hospitali kasema toleo la pembeni, lisilopitishwa, hawekei mtu. Mlinzi kabaki Mhandisi peke yake. Leo kanifanya mimi wa pili!

Nikampigia. "Mimi nasoma nini pale? Naona mabano na vinukta."
"Nimeshasoma mimi, dada. Wewe bonyeza tu."
"Umesoma yote?"
Kasita. "Mengi."

Nimeswali na neno hilo kichwani. Mengi. Kubonyeza pale ni kutoa ushahidi. Nitashuhudiaje nisilolijua, ya Rabi?

Jirani naye kaniandikia. Mama yangu, vipofu wanateseka, unangoja nini? Kisha tena. Kisha tena. Maneno matamu, lakini yananisukuma mgongoni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumegombana. Nimemwambia mume wangu kwamba nasita.
"Sasa unamwonea wivu kweli?" Mzaha, lakini uso haukuwa wa mzaha. "Umpe talaka mwenzio, mimi nikakunje shuka?"
"Ujumbe wa benki anakusomea nani, baba? Namba yako ya siri ukiibonyeza anaisikia nani? Na si yako tu, ya kila kipofu anayemtumia. Mtu akijibanza humo ndani?"
Kaketi. Halafu taratibu: "Na kama ni mtu mwema tu?"
Nikarudi kwenye cherehani.

Nikaona nimpigie Babu. Kapokea mkewe. Tukaongea ushonaji, mikono ya magauni, bei ya zipu, mpaka Babu mwenyewe akachoka kungoja akamnyang'anya simu.
"Sirudi!"
"Shikamoo, babu. Hujaombwa kurudi. Nakuomba unisomee."
"Marahaba. Ni marefu?"
"Ningejua ningekupigia?"
Kacheka kidogo. "Haya, nitumie."

Jumatatu, 13 Oktoba
Jana sikuandika, moyo haukutulia. Babu kasoma kutwa, na leo kaanza mapema. Sehemu kubwa ni kazi safi, kasema, hata anamsifu huyo Jirani. Nikaanza kuona haya. Mhandisi haachi kupiga: dada, unatuchelewesha. Jirani katangaza kwenye kundi kwamba tusipokubali leo, anaondoa kazi yake yote.

Sasa hivi Babu kapiga. Kakuta faili moja. Limeandikwa kuwa ni la sauti, lakini ukilicheza halitoi sauti yoyote. Na programu inalifungua kila inapowashwa. Linafunguliwa kwa kazi gani? Kamuuliza Jirani mbele ya kundi zima. Jirani, aliyekuwa akijibu kabla hujamaliza kuandika — kimya.

Huenda kalala, sijui kwao ni saa ngapi. Sitaki kumdhania mtu ubaya.

Mume wangu huyo, anapiga kutoka kazini. Mashine mpya iko mbele yake, fundi kasimama, msimamizi kasimama. "Mama, vipi?"

Nimemwambia kama ilivyo. Faili. Kimya cha Jirani. Mhandisi bado anasema nibonyeze. "Ukisema nibonyeze, baba..."

"Mwambie Babu asiharakishe," kasema, kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyesimama pale. Kaiweka simu mezani bila kuikata.

Ninaandika huku nawasikia. "Hospitali, habari za asubuhi. Subiri kidogo, mama, nakuunganisha." Halafu, kwa mwingine: "Nisomee basi, bwana msimamizi. Nani yuko zamu leo?"

Hakuna anayemjibu. Simu nyingine inalia. Na nyingine.