Pale Sindano Ilipokwama

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitakusikia ukiuliza huyu mtoto kalelewa wapi, wakati umenilea mwenyewe.

Sisi tupo. Mama anakula, ila bado anapika ndizi za watu watatu, halafu ananilazimisha nimalizie fungu lako. Nimenenepa kwa ajili yako. Karakana ya Igoma haijafungwa. Makochi uliyoyaacha hayajavalishwa vitambaa nimeyamaliza yote, hata lile la yule mama wa Misungwi aliyekuwa anakupigia simu kila asubuhi na wewe unamjibu kwamba fundi kaenda msibani. Alipokuja kulichukua alinipa pole, akakaa juu yake, akalia palepale. Sasa ananiletea wateja.

Nakuandikia kwa sababu ya kwaya. Kwaya yako imenitoa jasho, Baba, na uliyenitwisha mzigo huu ni wewe.

Siku ya kukuaga waliimba "Ng'ambo Kuna Taa", ule wimbo uliowafundisha. Watu walilia, sikufichi. Walipofika pale katikati, pale sauti ya nne inapobaki peke yake na kushuka polepole, na wengine wanavumisha midomo ikiwa imefungwa, hata mchungaji alivua miwani. Baada ya maziko kwaya ikakaa kikao, wakaamua wimbo ukarekodiwe studio, na kwenye video paandikwe kwa herufi kubwa kwamba mtunzi ni marehemu Mwalimu wetu, ndiye wewe. Kisha wakaniomba nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nikasimama. Nikakaa.

Maana mimi na Mama tunajua ule wimbo ulitoka wapi. Maneno ya Kiswahili uliyatia wewe, lakini tuni ilitoka sebuleni kwetu, upande wa pili wa santuri yako ya wale Waingereza wanne wenye nywele ndefu, ambao Mama aliwaita wapiga sufuria. Jumamosi mchana, ukishaoga vumbi la sponji, ulikuwa unaitoa kwenye jalada kwa ncha za vidole, unaifuta kwa kipande cha velveti kilichobaki kwenye kochi la mtu, halafu unatukataza kutembea kwa kishindo. Nyumba nzima tulinyata kwa heshima ya Waingereza. Wewe unakaa, unafumba macho, unapiga ngoma kwenye mapaja yako mpaka suruali inatoa vumbi. Siku nyingine ulikuwa mkali, Baba, tuseme ukweli. Jumamosi nilikuwa nakupenda mno.

Na hukuwahi kujisifu kwamba umetunga. Walipokuuliza ulisema, "Nimeuokota." Wao wakachukulia ni unyenyekevu wa mtu wa Mungu.

Sasa mimi nifanye nini? Nikinyamaza, jina lako linabandikwa kwenye mali ya watu, wewe ambaye ulimrudishia mteja hata misumari iliyobaki. Nikisema, Mama Neema wa sauti ya kwanza unamjua. Kwake gita la umeme ni njia ya shetani kuingilia kanisani. Wimbo ungepigwa marufuku kanisani siku hiyohiyo, na watu wangeanza kunong'ona kwamba Mwalimu alikuwa anatuimbisha mambo ya dunia mbele ya madhabahu. Nikamuuliza Mama. Akaniambia kwaya ni yangu mimi ninayeimba, yeye ni msikilizaji tu. Basi nikabaki na langu.

Jumamosi iliyopita nikaenda mazoezini Buzuruga na spika mkononi. Gramafoni ni nzito, na siku hizi kila kitu kipo kwenye simu, kwa hiyo nikautafuta wimbo huko. Nikawaambia kabla ya studio kuna kitu lazima wakisikie, na kwamba Baba alikiokota hapa, nami sitaki asifiwe kwa kazi ya wengine. Nikabonyeza.

Waliutambua kwenye mstari wa kwanza tu. Ngoma zilipoingia Mama Neema akashika kifua. Wengine wakatazamana, mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mimi nilikuwa natazama sakafu, nasubiri pale katikati. Unajua nyumbani sindano ilikuwa inakwama palepale kila mara, inakwaruza na kurudia neno lilelile, nawe unapaimba mwenyewe mpaka uirekebishe. Miaka yote nilidhani unapaimba kwa kupakumbuka. Nikasema leo nitapasikia pakiwa pazima, kama walivyopapiga wenyewe.

Baba, hapakuwepo.

Hakuna sauti inayoshuka. Hakuna kuvumisha midomo. Kuna gita linakimbia, linapiga mayowe, ngoma zinalifukuza, halafu wanarudi kwenye ubeti wa mwisho. Basi. Mama Neema akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Mama Neema huyohuyo, akasikiliza gita la umeme kwa hiari yake, kichwa kimeinama, kidole kimoja kinahesabu mapigo kwenye goti.

"Hapa hawana," akasema. "Hapa ni Mwalimu mwenyewe."

Hakuna aliyebisha. Wale wanaume wa sauti ya nne wakaanza kuimba bila kuamriwa, na mimi nikaenda nje kulia, nikajifanya naongea na simu.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikamweleza yote, pumzi juujuu, nikitegemea aangushe kisu. Hakushtuka hata kidogo. Akasema ile santuri ulipewa shuleni, enzi zenu kule Kagera, na mwalimu wenu Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, na ulipewa kwa sababu ilikuwa na mkwaruzo. Nzima asingekupa. Kwa hiyo hukuwahi kusikia hata siku moja pale pana nini. Akasema kila sindano ilipokwama ilikuwa lazima uinuke kochini ukainyanyue sindano, na kwa goti lako lile bovu, kuinuka kwenyewe ilikuwa safari. Ndiyo maana ulikuwa unaimba, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye gramafoni, ili wimbo usikatike kabla hujafika.

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba wiki nzima.

"Mimi nilikuwa karibu na ile mashine kuliko yeye. Ningeweza kumnyanyulia. Lakini nilikuwa napenda kumsikia akija."

Akaendelea na ndizi zake. Mimi nikachukua kisu kingine nikamsaidia mpaka sufuria ilipojaa.

Tunarekodi kesho kutwa. Kwenye video pataandikwa kwamba wimbo ni wa Waingereza, maneno na pale katikati ni ya Mwalimu wetu. Maandishi hayo kayapendekeza Mama Neema, na akataka herufi zile kubwa zibaki. Wazee wa kanisa wawili wamenuna. Amesema atazungumza nao, na mimi nawaonea huruma hao wazee.

Nimekukasirikia kidogo kwa kutoniambia, lakini nadhani na wewe hukujua. Uliona unasogeza muda tu. Ningekuwa na uwezo ningekurudisha kwa dakika chache uwasikie watu walivyokupokea, halafu nikuache ukapumzike, maana ulikuwa umechoka sana mwishoni, na niliona.

Kwaheri, Baba yangu. Mama nitamtunza, usiwe na wasiwasi naye. Na ninakuahidi hili: fundi wa studio akituambia pale katikati tunavuta mno, tuongeze kasi, nitamkatalia usoni. Tutapaimba kwa mwendo wa goti lako, polepole, mpaka ufike.

Mwanao,
Koku