Betri Haifi, Huuawa

Baba Wanjiru,

Leo nimetema mate mbele ya gereji yako, mchana kweupe, watu wakinitazama. Ningetema tena. Mdogo wako Gathogo amenichefua.

Tangu tukuzike, yeye ndiye fundi hapo Dagoretti Corner. Kibao chako kilibaki juu ya mlango: BABA WANJIRU, UMEME WA MAGARI. Lakini lile neno ulilolipiga marufuku sasa ndilo wimbo wa kila siku. "Imekufa." Mteja hajashuka garini, Gathogo ashasema betri imekufa, leta ingine. Kupima hapimi. Mita yako ya kupimia umeme ameitundika msumarini, buibui amejenga.

Wewe ulikuwa ukisema, "Betri haifi, huuawa. Tafuta muuaji." Na ulikuwa ukimtafuta, Mungu wangu! Jumapili tumevaa nguo za kanisa, wewe umeinamia gari la jirani, unabonyeza fenibelti, ule mkanda wa injini, kwa kidole gumba, unakwangua ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, unafuata waya mpaka mwisho wake. Mimi nimeketi kwenye usukani, na viatu vyangu vya visigino nakanyaga mafuta, nawe unapaza sauti, "Ongeza, Mama Wanjiru! Ongeza kidogo!" Mshale wa mita ukipanda, unacheka peke yako. Tulifika kanisani watu wanatoka.

Hata daktari aliponiambia umekufa tu, moyo umesimama, nilimwuliza, "Umepima wapi?" Akanionea huruma. Sikutaka huruma yake.

Sasa sikia. Pikapu yetu, hii ninayobebea mboga za sukuma kutoka Uthiru hadi Kenyatta Market, ilianza kugoma asubuhi. Taa nyekundu ya chaji haizimi, na nikiondoka belti inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikaipeleka kwa Gathogo, si ni damu yako? Nikamwambia belti inalia. Akacheka mbele ya wateja: "Shemeji, wewe fikiria sukuma."

Kisha, injini ikinguruma, akachukua spana akaanza kulegeza waya wa betri. Ule mchezo wa zamani wa mafundi wa dinamo: chomoa waya, gari lisipozima, basi chaji iko. Lakini wewe ulikuwa umeitoa dinamo ukaniwekea alteneta, mashine ya kisasa ya kuchaji betri, kazi yako ya mwisho, na ukanikanya: "Hii haichezewi hivyo. Mtu asichomoe waya injini ikiwaka, ataiunguza." Nikapiga kelele, "Wacha, Gathogo!" Akachomoa. Taa ziliwaka vikali mara moja, zikafa, na harufu ya kuungua ikanijaa puani. Naye, bila haya, akajipangusa mikono. "Shemeji, alteneta imekufa."

Imekufa! Na muuaji ameshika spana! Belti ilitaka kukazwa tu, Baba Wanjiru. Kukazwa tu.

Nyuma yangu mteja mmoja akamwambia mwenzake, "Siku hizi magari yanauawa hapa kwa Baba Wanjiru." Kwa Baba Wanjiru. Hakusema kwa Gathogo. Hapo ndipo nilipotema mate. Nikavuta ngazi yako, nikapanda na rinda langu, nikang'oa kibao. Gathogo akanifokea, ati wateja watapajuaje? Nikamwambia aandike jina lake, kama halimwonei aibu. Mita pia nikaitoa msumarini, nikaondoka nayo kwapani.

Usiniombe nimsamehe leo. Nikimkumbuka anavyojipangusa ile mikono, kinyaa kinanipanda upya.

Kibao nimekipangusa vumbi nikakilaza upande wako wa kitanda. Kinachukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa ukichukua wewe, na kina kona kali. Wacha kinichome.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi jina lako halitatundikwa tena juu ya mlango wowote ambapo mtu anasema "imekufa" kabla ya kupima. Hata kama itabidi nilale nalo mpaka nikufuate.

Wako,
Mama Wanjiru