Ijumaa Niliyomwandikia Sista

Jumatatu. Mvua imekuja saa nane kama kawaida yake, na sasa Nyanchwa yote ni matope na moshi wa jikoni. Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sina njaa, sina hasira, hata usingizi sina. Nimekauka tu.

Nimetoka Sironga kwa Sista Moraa, nesi mstaafu mwenye kliniki ya vyumba vitatu. Wagonjwa wake wengi ni wazee wa presha na sukari. Mimi ni mshauri wake wa usalama wa kompyuta. Siuzi programu, siuzi mashine, sifanyii kampuni yoyote kazi. Nauza ushauri peke yake, kwa hivyo ushauri ukiwa mbovu sina kingine cha kunitetea.

Ijumaa mchana alifungua barua pepe iliyojifanya imetoka kwa wauzaji wa dawa. Jana asubuhi alipoirudia kompyuta, faili zote za wagonjwa, za miaka sita, zilikuwa zimefungwa, na kwenye skrini kuna maandishi ya watu wasiojulikana wanaotaka walipwe ndio wazifungue. Akanipigia simu. Nikamwambia asiwalipe, na asiwe na wasiwasi wowote, maana tuna nakala kwenye diski ya akiba.

Nilipofika nikakuta diski imechomekwa kwenye kompyuta. Nayo imefungwa vilevile, maana kinachofunga kompyuta hufunga na kilichochomekwa humo.

Nimehangaika nayo jana na leo. Hakuna kitu.

Leo asubuhi aliingia mzee mmoja kuchukua dawa yake ya presha. Sista akamuuliza anatumia gani. Mzee akasema ile nyeupe, ndogo. Akaulizwa kama ana pakiti yake, akacheka: pakiti ya nini, na wewe Sista ndiye unajua? Sista alimpima upya, akamwandika kwenye daftari la shule, ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeinamia kompyuta nikijifanya kuna kitu ninafanya.

Sasa niseme lile linalonikaba.

Ukutani, juu ya meza ya Sista, kuna karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Inasema kila Ijumaa jioni achomeke diski, anakili faili, na ikimaliza aitoe aifungie kabatini. Mwanzoni kazi hiyo ilichukua dakika ishirini. Siku hizi faili ni nyingi, inachukua saa tatu. Naye Sista ni Msabato wa kweli, si kama wengine wetu. Jua likizama Ijumaa hagusi kazi, hata ya kuchomoa waya. Kwa hivyo diski ilikuwa inabaki kwenye mashine mpaka Jumapili, wiki baada ya wiki, na aliona haya kuniambia.

Ningejua vipi? Hicho ndicho nilichokuwa nikijiambia njiani nikirudi. Lakini mimi nimelelewa hapa hapa Nyanchwa, kwa Wasabato, na simu yangu naizima kila Ijumaa jua likizama.

Tena nina mteja Mwislamu, muuza vitambaa Kisii mjini. Yeye nilimpangia Alhamisi, kwa sababu Ijumaa akienda msikitini harudi dukani. Nilijipongeza sana siku hiyo. Nikajiona mshauri anayejua watu wake. Ya kwetu wenyewe haikunijia hata kidogo. Nilinakili maelezo yaleyale ninayompa kila mtu, nikabandika, nikaenda zangu.

Saa saba Sista alifunga mlango, akanimiminia chai. Akasema, "Mwanangu, nisamehe. Uliniandikia niitoe na mimi sikuitoa."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwepo, hata mdomo nilikuwa nimeufungua.

"Yaishe, Sista," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Nimemsamehe. Mimi. Hata sasa nikiliandika sisikii kitu, na hilo linanitisha kuliko faili zote zilizopotea.

Akanishukuru. Akasema kama hivyo basi ameamua, kliniki anaifunga mwisho wa mwezi. Mtu ambaye hawezi kufuata mistari mitatu aliyoandikiwa, eti hafai kushika wagonjwa. Akaniomba nimwandikie tangazo la mlangoni, maana Kiswahili changu ni kizuri na mwandiko wangu unasomeka. Nikaliandika papo hapo, mbele yake, herufi kubwa. Kwa wagonjwa wetu wapendwa. Nikanywa na chai yote.

Yule mzee atalisoma. Ataenda wapi? Nyamira mjini apange foleni, aulizwe dawa gani, aseme ile nyeupe, ndogo.

Naogopa kusema ukweli. Jina langu lote katika kazi hii ni watu kuambiana kwamba yule binti anaaminika. Sista akiwaeleza wenzake kanisani, itajulikana kabla ya Sabato ijayo. Naijua hofu hiyo iko, ingawa siisikii.

Tangazo atalibandika kesho akifungua saa mbili. Saa moja na nusu nitakuwa nimesimama mlangoni kwake. Akiamua kufunga, afunge, lakini si kwa kosa langu. Nitamwambia, Sista, msamaha niliokupa jana haukuwa wangu kuutoa. Nimekuja kukuomba wako.